Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mungu Mwema, Shari, na Kimbunga Kilichotupita

Maswali haya yamekusanyika kidogo kidogo. Mengi yalitoka barazani kwetu Mikindani, Mtwara, ambako Jumamosi jioni tunakaa Waislamu, Wakristo, na wawili watatu ambao hawajasema wako upande gani. Mengine niliulizwa msibani, kwa sauti ya chini. Majibu ni yangu. Usipoyakubali hutakuwa peke yako, maana hata barazani hatukubaliani.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Ni mistari mitatu. Mungu anaweza kila kitu. Mungu ni mwema kabisa. Shari ipo. Shika miwili yoyote, na ule wa tatu unaanza kuteleza. Kama anaweza kuizuia shari na hataki, wema wake uko wapi? Kama anataka na hawezi, uweza wake uko wapi? Kama anaweza na anataka, mbona bado tunazika watoto?

Swali hili huhusishwa na Mgiriki Epicurus, aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, na limetufikia kupitia Lactantius, mwandishi Mkristo aliyelitaja ili alijibu. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie wa Australia alilikaza zaidi. Alidai mistari hiyo mitatu haiwezi kuwa kweli kwa pamoja, kama vile mtu hawezi kuwa yuko Newala na hayuko Newala saa ile ile. Dai hilo ni zito. Wengi leo wanaona alilikaza kupita kiasi, na tutafika huko.

Kwa nini mnasema "shari" na si "uovu"?

Kwa sababu uovu unataka mwenye nia. Mwizi ni mwovu. Lakini ubwiriunga ukiingia kwenye maua ya mikorosho pale Tandahimba, mkulima akakosa ada ya shule, mwovu ni nani? Kuvu haina kinyongo na mtu. Shari inabeba vyote viwili, ubaya wa mkono wa mtu na ubaya unaotokea tu. Waliopita madrasa wanalifahamu neno hili tangu utotoni, maana nguzo ya sita ya imani ni kuamini kadari, kheri yake na shari yake. Angalia kwamba nguzo hiyo haijaificha shari chini ya mkeka.

Kuuliza hivi si kufuru?

Malaika waliuliza. Katika Sura ya pili ya Kurani, Mungu anapotangaza kwamba ataweka khalifa duniani, wao wanauliza kama ataweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu. Hawakufukuzwa. Waliambiwa kwamba Yeye anajua wasiyoyajua. Katika Mwanzo, Ibrahimu anabishana na Mungu juu ya Sodoma mpaka anashusha hesabu kutoka watu wenye haki hamsini hadi kumi, kama mtu anayepatana bei ya samaki ferini. Ayubu naye alilalamika sura baada ya sura. Ukiuliza, uko na watu wazito.

Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilitupita tukamshukuru Mungu. Tulikosea?

Hili ndilo swali lililoanzisha yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ilikuwa tarehe 25 Aprili 2019. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza, watu wa mabondeni wameambiwa wapande juu, mji umefungwa kama sikukuu isiyo na pilau. Mimi nilikuwa nimefunga mabati ya nyumba kwa kamba za katani, kazi ya kipuuzi ukiifikiria sasa. Wazee walianza kusimulia kimbunga kilichoipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952, na kila aliyesimulia alizidisha kidogo. Usiku ukapita. Upepo tuliupata, lakini si ule tulioambiwa. Kimbunga kiliingia nchi kavu upande wa Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Asubuhi kila mtu alikuwa na sentensi moja mdomoni: Mungu ametuepusha.

Kisha simu zikaanza kuita. Ruvuma ni mpaka wa wakoloni, si mpaka wa ukoo. Wamakonde wako kingo zote mbili, na huko ng'ambo kuna shangazi zetu na binamu zetu. Kulikuwa na wafu kwa makumi, na vijiji vizima havina paa. Tena nchi yao ilikuwa na majeraha mabichi ya kimbunga Idai, kilichoipiga Beira wiki kama sita tu nyuma.

Fundi baiskeli mmoja wa barazani kwetu alisema neno ambalo sijalisahau: "Na wao walikuwa wanaomba."

Nadhani kuna shukrani mbili zinazotumia maneno yale yale. Ya kwanza inasema tu: niko hai, sikustahili, alhamdulillahi. Haidai kujua chochote. Ya pili inasema: aliniepusha mimi, kwa kuwa tuliomba, kwa kuwa mji wetu una heri. Hiyo tayari ni maelezo, na maelezo yana upande wa pili, kwamba wenzetu hawakuepushwa. Ya kwanza naisema hadi leo. Ya pili jaribu kuisema kwenye simu na shangazi yako aliyeko Palma.

Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, kimbunga Jobo kilikuja kuelekea pwani yetu kikafifia baharini kabla ya kutufikia. Mtu wa sayansi atasema kimbunga hulishwa na maji ya bahari yenye joto na huvurugwa na pepo za juu, basi, Jobo kilikosa riziki na Kenneth kiliipata. Sawa. Lakini anayeamini kwamba Jobo kiliyeyushwa kwa rehema anadaiwa jibu kuhusu Kenneth, maana sasa tumeshaona kimbunga kinaweza kufia majini bila mtu yeyote kudhurika. Mimi naamini, na nadaiwa. Sijalipa.

Majanga si adhabu ya dhambi?

Nipe nafasi nikupeleke mbali kidogo. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kanisani, tetemeko kubwa liliuangusha mji wa Lisbon, Ureno, kisha bahari ikaja juu, kisha moto. Maelfu kwa maelfu walikufa. Ulaya nzima ilitikisika kimawazo. Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alikuwa ameandika kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko ulimwengu wowote ambao ungewezekana. Baada ya Lisbon, mwandishi Mfaransa Voltaire alimdhihaki kwa utenzi, kisha kwa hadithi.

Sasa sisi watu wa kusini tuna la kuongeza. Miaka 250 kamili kabla ya tetemeko, mwaka 1505, merikebu zilizotoka Lisbon chini ya Francisco de Almeida ziliivamia Kilwa na kuipora. Niliposimulia hili barazani, kijana mmoja alipiga kofi: malipo ni hapa hapa duniani! Tukacheka. Halafu mwalimu mstaafu akauliza ni nani hasa aliyelipa. De Almeida alikuwa kaburini miaka zaidi ya mia mbili. Waliofukiwa na mawe walikuwa vikongwe waliokwenda kusali, na watoto wao. Deni la babu linalodaiwa kwa mjukuu wa jirani si haki, hata kwa mizani yetu sisi wanadamu wenye makosa.

Katika Injili ya Luka, Yesu anaambiwa habari za watu waliouawa, naye anataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu. Je, walikuwa wakosefu kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Anajibu: la. Huwa nashangaa wahubiri wanavyoiruka aya hiyo kila mafuriko yakitokea.

Basi tuseme shari ni ya wanadamu, kwa kuwa Mungu katupa hiari?

Hili ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote kwa upande wa ubaya wa mikono ya watu. Alvin Plantinga, Mmarekani, aliliunda upya katika miaka ya 1970. Kwa ufupi, hata Mwenyezi hawezi kumlazimisha mtu atende wema kwa hiari yake, kwa sababu wema wa kulazimishwa si wa hiari. Akitaka viumbe huru, lazima akubali kwamba huenda wakaharibu. Kwa hiyo mistari mitatu ya Mackie inaweza kukaa pamoja bila kugongana. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba hapo Plantinga alishinda.

Lakini nenda Kilwa Kivinje, au njoo hapa Mikindani, ukajaribu kulisema kwa sauti. Misafara ya watumwa kutoka bara upande wa Nyasa iliishia bandari hizi. Mfanyabiashara alikuwa na hiari, naam. Na yule mama mwenye kongwa shingoni, hiari yake ilihesabiwa wapi? Kama hiari ni kitu cha thamani kiasi kwamba Mungu hawezi kuigusa, mbona ya mmoja ililindwa kwa kuziponda za mia? Jibu la hiari linaeleza kwa nini kuna uwezekano wa uovu. Halielezi kwa nini mkono wa mwenye mjeledi haukupata kiharusi hata siku moja. Masasi ilianza kama kijiji cha misheni mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na miaka sita baadaye Wangoni wakaivamia. Watu wale wale, mara mbili. Hapo mimi hunyamaza.

Je, yule ambaye hakuna mtu aliyemdhuru? Magonjwa?

Chukua sikoseli, au selimundu kama wanavyoandika wataalamu. Mtoto akirithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja tu, anapata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Akirithi kutoka kwa wote wawili, anapata ugonjwa wenyewe: chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, na maumivu yake mtu mzima hayawezi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Wapo wanaosema: tazama hekima, kinga ya wengi inatoka hapo! Nami nakiri kuna mantiki. Dunia yenye kanuni zinazotabirika lazima itakuwa na makali yake, moto unaopika ugali ndio unaochoma mkono, na bila kanuni hizo hakuna kilimo wala tiba. Lakini angalia hesabu inavyokwenda. Kinga ya watoto wawili inalipwa na maumivu ya mtoto mmoja, ambaye hakuulizwa. Na malaria yenyewe ilitoka wapi? Tunamshukuru fundi kwa mwavuli huku yeye ndiye aliyetoboa paa.

Nina sababu ya kuandika kwa ukali hapa. Mtoto wa dada yangu alikuwa nayo. Kwa desturi zetu za kusini mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba si mgeni, ndiye mwenye neno. Alifariki akiwa na miaka tisa. Matangani mama mmoja, mwenye nia njema kabisa, alimwambia dada: Mungu amempenda zaidi. Dada alimtazama, akasema, "Angempenda kidogo tu, mama. Kidogo tu ingetosha."

Kwa hiyo "kazi ya Mungu haina makosa" ni uongo?

Inategemea inatoka kinywani mwa nani. Ikisemwa na mfiwa mwenyewe ni gogo la kushikilia mtu asizame, na simnyang'anyi mtu gogo lake. Dada mwenyewe aliisema, wiki ya tatu. Ikisemwa na mgeni aliyefika kula ubwabwa, mara nyingi maana yake ni "tafadhali acha kulia, unanitia wasiwasi".

Watu hupenda kutaja Sura ya Kahfi, Musa na yule mja mwenye elimu ambaye mapokeo humwita Khidhri. Anatoboa jahazi la maskini, anamuua kijana, anajenga ukuta bila ujira, na kila jambo baadaye linaelezwa sababu. Kisa kizuri. Ila Musa, ambaye ni nabii, alishindwa kuvumilia mara zote tatu. Na sababu alizipata kutoka kwa Khidhri mwenyewe, hakuzitunga yeye. Sisi kwenye msiba tunajifanya Khidhri, kumbe hata kuwa Musa hatujafika.

Si ni mtihani tu?

Mara nyingine ndiyo. Wapo waliopita njaa, kesi au ugonjwa wakatoka na moyo mpana. John Hick, Mwingereza, alijenga hoja nzima juu ya hilo mwaka 1966. Kwake, dunia si bustani ya starehe bali ni mahali pa kukuza nafsi, na ujasiri au huruma haviwezi kuota pasipo na hatari wala machungu.

Shida ni mtoto mchanga. Mtihani wa nani? Akifa kabla hajajua hata jina lake, hakukuzwa nafsi. Ukisema ni mtihani wa wazazi, umemfanya mtoto karatasi ya maswali.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliona hili mapema. Inasimuliwa kwamba al-Ash'ari, aliyefariki karne ya 10, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i wa madhehebu ya Mu'tazila juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima akiwa mcha Mungu, mmoja alikufa mtu mzima akiwa muasi, mmoja alikufa mtoto. Yule mtoto anauliza kwa nini hakuachwa aishi apate daraja ya juu kama kaka yake. Anajibiwa: tulijua ungekua ukaasi, kukuchukua mapema kulikuwa na maslahi kwako. Ndipo yule muasi anapiga kelele kutoka motoni: mbona mimi hamkuniua mdogo? Al-Jubba'i, wanasema, alikosa jibu.

Mu'tazila walisisitiza kwamba Mungu ni mwadilifu kwa uadilifu ambao akili yetu inaweza kuutambua. Al-Ash'ari alitoka hapo na kusema mema ni yale ambayo Mungu ameyataka, hapimwi kwa mizani ya nje. Kila njia ina bei yake. Ya kwanza inakuacha na ndugu watatu. Ya pili inakuacha ukiuliza, basi tukisema "Mungu ni mwema" tunasema nini zaidi ya "Mungu hufanya afanyalo"? Moyo wangu uko kwa Mu'tazila, ingawa nimelelewa na kusomeshwa na watu wa upande wa pili.

Shetani?

Anaahirisha swali tu. Nani kamruhusu?

Na uchawi?

Huku kwetu wengi hawana swali na Mungu kabisa, wana swali na jirani. Tawi la mwembe likimwangukia mtu, kila mmoja anajua lilikuwa limeoza. Linaloulizwa ni kwa nini lianguke saa ile, akiwa chini yake yeye. Kumtaja mchawi kunajibu hilo vizuri kuliko falsafa yoyote. Ndiyo maana linanitisha. Jibu la namna hiyo linapatikana kwa kumtafuta kikongwe mwenye macho mekundu, na macho hayo mara nyingi ni ya moshi wa kuni wa miaka sitini. Hatumsafishi Mungu kwa damu ya bibi.

Na wanyama? Wao hawana dhambi wala mtihani.

Swali zuri, tena jibu lake limezikwa Lindi. Kilima cha Tendaguru ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, wapagazi wetu wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na hadi leo dinosaria mmoja amesimama Berlin, mrefu wa mita kama kumi na tatu. Mifupa hiyo ina miaka kama milioni 150. Maana yake kuliwa, kuvunjika mguu na kufa kwa kiu vilikuwepo mamilioni ya miaka kabla hajapatikana Adamu wa kulaumiwa. Wanaofundisha kwamba mauti yote yaliingia kwa kosa la mwanadamu waende Tendaguru kwanza.

Kwa hiyo hakuna Mungu?

William Rowe, Mmarekani, alilipeleka huko mwaka 1979, kwa upole kuliko Mackie. Hakusema haiwezekani, alisema haielekei. Mfano wake ni mtoto wa paa anayeungua katika moto wa msituni na kukaa siku kadhaa akiteseka kabla ya kufa, bila mtu kujua. Ni kheri gani kubwa ingepotea kama angekufa mara moja? Hatuioni. Basi huenda haipo.

Mwanafalsafa Stephen Wykstra alimjibu mwaka 1984: kutoiona si dalili kwamba haipo. Mtoto wa miezi mitatu haelewi kwa nini mama anamshikilia achomwe sindano kliniki. Jibu hilo lina nguvu. Lakini mama yule hambandui mtoto kifuani, anambembeleza sindano ikiwa bado inaingia. Wanaoteseka wengi wanasimulia kwamba hawakusikia mkono wowote. Wengine wanasimulia kwamba waliusikia, tena palepale penye giza zaidi, na siwezi kuwaita waongo hawa wala wale.

Mimi bado naswali. Si kwa sababu nimemshinda Rowe. Ni kwamba hasira yangu juu ya yule mtoto wa dada haitaki kuniambia kwamba kifo chake kilikuwa kanuni za kemia tu na hakuna aliyekosewa. Inasisitiza kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Najua hii si hoja ya kumshawishi asiyeamini, na sijamletea kama hoja.

Nikienda msibani niseme nini?

Rafiki watatu wa Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno. Walianza kuharibu walipofungua midomo kueleza, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao waliomtetea, si Ayubu aliyemlalamikia.

Sema pole. Kaa. Akikuuliza "kwa nini", usidhani anataka jibu, na kama anataka, atakuuliza tena baada ya arobaini, nawe utakuwa umesoma kidogo. Ukiona umekaa bila kazi, nenda uani ukaulize kama kuni na maji vipo, kwa kawaida siku ya pili huwa vimekwisha.